Nyumbani Atazungumza na Nani

Nina majina mawili. La kwanza nilipewa na baba yangu hapahapa Lituhi, Agata, na hilo kila mtu ufukweni analijua. La pili halitamkwi. Unakutanisha vidole viwili kama mtu aliyeshika kipande cha chaki, unavipeleka nyuma ya sikio la kulia, basi umeniita. Nilipewa na watoto viziwi wa Mbinga, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu katika kitengo chao, kwa sababu magauni yangu hayakuwa na mifuko na chaki nilizoea kuipachika sikioni. Viziwi hawampi mtu jina ili kumfurahisha. Wanakutazama, wanachagua jambo moja unalolifanya bila kujijua, na jambo hilo linakuwa wewe mpaka unazikwa. Mwenzangu mmoja mwenye kitambi alilalamikia lake mpaka akaomba uhamisho. Mimi langu nililipenda siku ileile.

Binti ya dada yangu anasomea ualimu wa elimu maalumu, na ndiye aliyenitaka niandike kwa ajili yake na wenzake, yaani ninyi. Anasema vitabu vyao vina sura nzima juu ya kumtoa mwanafunzi mwenye ulemavu shuleni na kumwingiza katika utu uzima, lakini hakuna kinachomwambia akifika kwenye nyumba ya watu huko kijijini Ukata aanze kwa kusema nini. Sawa, nitasema. Ila nisiwafiche, nimekaa kuandika kwa sababu nina hamu. Nina hamu ya kuitwa jina langu la pili. Hapa nyumbani hakuna anayelijua. Nikiwa naanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, chanjani, mikono huanza kusimulia yenyewe, na dada yangu huniuliza nafukuza inzi gani.

Nilipopanda Mbinga mara ya kwanza nilikuwa msichana wa ziwani ambaye hajawahi kulala na sweta. Aliyenipokea kitengoni aliitwa Mwalimu Egno, mwenyeji wa milimani, mrefu, mzee kuliko sisi wote. Kwa mdomo alikuwa mtu wa maneno machache mno. Kwa mikono alikuwa mbea. Watoto walimzunguka jioni bwenini naye akawasimulia habari za mji mzima, nani kagombana na nani, ng'ombe wa nani kaingia kwenye kahawa ya nani, na mimi niliyekuwa na masikio mazima nilibaki pembeni nikiomba nitafsiriwe. Lugha ya alama nilifundishwa na umbea wa Mwalimu Egno zaidi ya kozi yoyote. Nanyi nawashauri hivyo hivyo. Ukijua kuuliza tu "umeelewa?" na "kaa chini", bado hujui lugha ya watu.

Siku ya kufunga shule mwaka ule, waliomaliza darasa la saba walipandishwa kwenye lori pamoja na masanduku yao. Lori likaondoka, nao wakaendelea kuongea na wenzao waliobaki uwanjani, mikono juu, mpaka kwenye kona. Mtu anayesikia akiachana na mwenzake hunyamaza mapema, sauti haifiki. Kiziwi huongea na wewe mpaka macho yashindwe. Mimi nilikuwa nacheka na kupunga, nikimwambia Mwalimu Egno kwamba tumefanya kazi nzuri. Hakucheka.

"Usishangilie, Agata," akasema. "Hapa wanazungumza. Wakifika kwao ndiyo wanakuwa bubu."

Neno hilo tulilipiga marufuku kitengoni, tena yeye ndiye aliyelipiga marufuku. Kwa hiyo nilikasirika. Nilikaa na hasira yangu muda mrefu tu, kwa kuwa miaka ile mimi niliamini katika cherehani. Sote tuliamini katika cherehani. Msichana akimaliza, shule na parokia na ndugu zake walichangishana, akapewa cherehani, tukapiga picha, tukaona ameshaingia utu uzima. Wavulana tuliwapa msumeno na randa.

Kisha nikatumwa Ukata kumtembelea mmoja wa wasichana hao. Cherehani niliiona mara tu nilipoingia. Ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa kizuri cha kufuma, na juu yake kulikuwa na redio na maua ya plastiki. Msichana mwenyewe alikuwa fundi hasa, mishono yake imenyooka kunizidi mimi. Lakini mteja akija na kitambaa alimkuta mtu asiyeweza kumweleza anataka nini, mama akawa anatafsiri kwa kubahatisha, mkono wa gauni unatoka mrefu, mteja anakwenda kwa fundi mwingine. Mama akachoka, wateja wakaisha. Msichana aliponiona alinishika kiwiko, akaanza kuongea, na hakuacha. Aliongea jikoni, aliongea kisimani, aliongea huku chakula kinaungua. Alinisimulia mambo ya tangu siku ya lile lori. Nilipoondoka akanisindikiza mpaka barabarani, akaongea na mimi nikiwa nimeshapanda gari, mpaka kwenye kona. Nililia njia nzima hadi Mbinga mjini, na konda akadhani nimefiwa.

Kuanzia hapo, kabla ya kuuliza mtoto atafanya kazi gani, niliuliza kwanza nyumbani atazungumza na nani. Kama mna haraka na hamtamaliza kusoma, chukueni hilo mwende nalo.

Namna ya kuliuliza ni hii. Usimwite mzazi ofisini, ofisini kila mzazi anampenda mwanawe. Nenda kwao mwaka wa mwisho, kabla hajamaliza, na ulale huko. Chukua sukari yako na sabuni yako. Usifundishe kitu siku ya kwanza, menya mihogo, tazama. Tazama wanamwitaje. Wako wanaogusa bega, wako wanaopiga mguu chini ili sakafu imtikise, na wako wanaomrushia kigunzi cha mahindi. Halafu subiri watu wacheke. Watu wakicheka, yuko mmoja ambaye humgeukia mtoto kuona kama naye amecheka. Mara nyingi si mama, huwa bibi, au shangazi aliyekuja kusalimia tu. Huyo ndiye wa kuanza naye. Wengine watafuata, au hawatafuata, lakini mmoja utakuwa umempata.

Kwa Otilia sikumpata huyo mmoja.

Otilia alikuwa wa kijiji cha Mapera, na alikuwa mwanafunzi msemaji kuliko wote niliowahi kufundisha. Nilimhamisha dawati kila wiki, na kila dawati alilokaa likageuka baraza. Nikigeukia ubao aliniigiza. Aliigiza padri akitafuta miwani iliyo usoni kwake, aliigiza ng'ombe akikataa kutoka kwenye kahawa, na darasa zima lilipiga meza kwa kicheko. Tulimwadhibu kwa kosa la kupiga kelele. Kiziwi kuadhibiwa kwa kelele, muulizeni mwalimu mwingine kama amewahi kuliona hilo.

Alipobakiza muhula mmoja alikuja nyumbani kwangu, akaketi jikoni, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikawa mizito. Akaniuliza lile swali langu mwenyewe. Nikirudi nyumbani nitazungumza na nani? Wala hakuwa analia. Aliuliza kama mtu anayepanga safari na kutaka kujua kama njiani kuna maji.

Nikaenda Mapera. Nyumba ya kina Otilia ilikuwa nzuri, msisitarajie hadithi ya mtoto aliyefichwa chumbani. Baba yake alikuwa ameshafariki, lakini mama, kaka na bibi walimpenda, walimlisha, walimnunulia viatu vya Krismasi kama wengine. Jioni tuliketi kuzunguka moto tukipukuchua mahindi. Wakaanza maneno. Bibi akasema jambo kwa Kimatengo, lugha ya milimani, kaka akajibu, wote wakacheka mpaka wakafuta machozi. Otilia alikuwa akihamisha macho kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule. Akacheka naye, amechelewa kidogo. Kisha akamgusa mama yake goti, akauliza kwa nyusi kumesemwa nini. Mama akainua kiganja, akakisukuma mbele kidogo. Baadaye.

Nilingoja hiyo baadaye. Mahindi yakaisha, moto ukafifia, watu wakaenda kulala, haikuja. Asubuhi nikamuuliza Otilia kama mama amewahi kumweleza. Akainua kiganja na kukisukuma mbele, akiwa anatabasamu, kama mtu anayekuonyesha kovu la zamani lisilouma. Nasema hivyo, lakini lilikuwa linauma.

Tukaanza kumfundisha mama. Hakuwa mvivu, mama Otilia. Alishika upesi alama za kuku, chumvi, mvua, homa, na alijifunza kuuliza "umeota nini?" kwa sababu mwenyewe alitaka kujua. Nikasema safari hii tumeshinda. Ila mimi ni mtu wa ziwani, na kuna jambo la milimani sikuwa nimelifikiria.

Ikafika Machi, Otilia ameshamaliza shule nami nimerudi kumtembelea, majani yamekuwa marefu, wakaingia kulima ngolo. Kwa asiyezijua, ngolo ni mashimo ya Wamatengo ya kulimia mlima bila udongo kukimbia. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana mpaka mlima unakuwa na vyumba vyumba, halafu wanawake wanachimba katikati ya kila chumba na kutupa udongo juu ya majani. Wanawake hupanda mlima kwa safu, bega kwa bega, na humo ndani ya safu ndimo maisha yanamoishi. Jembe linalima, mdomo unaongea. Ndoa zinavunjwa humo na kuungwa humo. Nilimwona Otilia katika safu, analima vizuri kabisa. Lakini kila alipotaka kusema kitu ilimlazimu aweke jembe chini. Na ili wamjibu, ilibidi na wao waweke majembe yao chini. Mara ya kwanza waliweka. Mara ya pili aliweka mama peke yake. Baadaye shangazi mmoja akasema, bila ubaya, kwamba huyu binti anapenda kupumzika. Otilia akaokota jembe, akainama. Akalima hadi jioni bila kuinua uso.

Milima hii yote inalimwa kwa mikono. Ziwani nako ni vilevile, mkono umeshika kasia au wavu. Nikasimama pale juu ya mteremko nikajiona mjinga. Nimemfundisha mtoto lugha inayokaa mikononi, nikamrudisha kwa watu ambao mikono yao ina kazi tangu alfajiri. Hamu aliyokuwa nayo ya kuongea niliiona mgongoni mwake. Nilitamani kumrudisha bwenini, nimhamishe madawati milele.

Siku moja kabla ya kuondoka niliandamana naye kupeleka mahindi mashine. Mashine ya kusaga ya Mapera ilikuwa ya Mzee Longino, kibanda cha mabati, ndani injini kubwa ya dizeli yenye mkanda mrefu. Mnazijua mashine hizo. Ukikaribia, kwanza unaacha kusikia miguu yako, halafu unaacha kusikia maneno yako. Ndani kulikuwa na akina mama na madebe yao, vumbi la unga mpaka kwenye kope. Na hakuna aliyefungua mdomo. Mmoja anainua vidole kuonyesha zamu yake. Mwingine anaviringisha mkono kuuliza kama nafaka yake airudishe tena isagwe laini. Mwingine anamwonyesha jirani, kwa nyusi na kidevu, kwamba yule aliyeingia sasa hivi ndiye yule. Na jirani anaelewa. Madebe yako chini, jembe liko nyumbani, mikono yote haina kazi mpaka unga utoke.

Nilimtazama Otilia. Alikuwa amesimama mlangoni, debe bado kichwani, macho yanakimbia huku na huku, lakini safari hii hayakuwa yanakimbia nyuma ya watu. Alikuwa anaelewa kila kitu. Alitua debe, akamgeukia mama mmoja mnene aliyekuwa anajaribu kumwambia Mzee Longino jambo na kushindwa, akalisema kwa mikono yake kwa niaba yake, mara moja, safi. Mzee Longino akaitikia kwa kichwa na kupunguza mahindi yanayoingia mashineni. Yule mama mnene akacheka, akamwonyesha Otilia tena jambo lingine, na lingine. Walikuwa wanaongea. Mtoto wangu alikuwa anaongea na mtu wa Mapera.

Nikamfuata Mzee Longino alipozima injini kuweka mafuta. Nikamwomba amfundishe Otilia kazi. Alipaza sauti yake kama kawaida yake, hata injini ikiwa imezimwa, akanipa sababu za kukataa. Kwamba mkanda unakula nguo za wanawake. Kwamba mashine ikitaka kuharibika inabadilisha mlio, na asiyesikia atajuaje. Nikamtafsiria Otilia zote mbili, kwa kuwa habari ilikuwa yake. Injini ilipowashwa tena yeye alikwenda akaweka kiganja ubavuni mwa mashine, akavua kandambili, akasimama peku kwenye sakafu, akafumba macho.

Mzee Longino alimtazama miguuni. Kisha akanivuta nyuma ya kibanda, akainama kuninong'oneza siri, kwa sauti ambayo bila shaka ilifika kanisani.

"Mwalimu, usimwambie mtu. Mimi mwenyewe nasikia kwa miguu siku nyingi."

Foleni nzima ilikuwa imetokea kwenye kona kusikiliza. Mkewe baadaye aliniambia kwamba Mapera nzima ilikuwa inajua, ila ilimstahi.

Kwa hiyo Mzee alikubali. Aliyekataa alikuwa mama. Tulikaa naye jikoni, mimi nikaeleza yote, mashine, foleni, yule mama mnene, nikaeleza vizuri mpaka nikajifurahisha mwenyewe. Aliendelea kuchagua maharage. Alipomaliza akaniangalia.

"Mwalimu, wewe unataka mwanangu azungumze. Mimi nataka awe na vidole vyote."

Katika miaka yangu ya kazi nimejibiwa mengi na wazazi, lakini hilo ndilo lililoniingia zaidi. Mkanda ule alikuwa anaujua. Kila kijiji kina mtu aliyeacha kidole mashineni. Na kidole kwa Otilia si kidole tu, ndiyo ulimi wake. Nilikuwa namwomba mama huyu amweke mwanawe hatarini kwa ajili ya maongezi, na sikuwa na haki ya kumwita mjinga.

Otilia aliuliza kumesemwa nini. Mama, kwa mazoea, akaanza kuinua kiganja. Nikamtangulia, nikatafsiri neno kwa neno. Otilia akasogea, akapiga goti mbele ya mama yake kama binti anayeomba ruhusa ya kuolewa, akazungumza polepole kwa zile alama ambazo mama alizijua, na pale zilipopungua akaniangalia nimsaidie. Alisema hivi.

"Mama, vidole ninavyo vyote. Hapa nyumbani nani anavitazama?"

Mama hakuhitaji kutafsiriwa. Alitoka nje, tukamsikia anafukuza kuku wasiokuwa na kosa. Hatukuongea tena habari hiyo siku ile. Asubuhi nilipoamka kuondoka nilimkuta uani ana suruali ya kaka yake Otilia, ameshaikata miguu na anaipunguza kiunoni kwa sindano, nguo ya kubana ambayo mkanda hauwezi kuidaka. Aliniambia bila kuinua uso kwamba Jumapili binti yake hatavaa hiyo kanisani, mimi nisije nikamfundisha na hilo.

Niliondoka. Mwaka uliofuata nikastaafu, nikashuka ziwani.

Hapa ndipo mnapotaka niwaambie kwamba tuliendelea kuwasiliana. Siku hizi viziwi wanaongea kwa picha kwenye simu, lakini yangu ni simu ya kubonyeza, na mtandao wa Lituhi una siku zake. Otilia alinitumia ujumbe mfupi mara kadhaa. Kiswahili cha kuandika hakikuwa lugha yake, kilikuwa lugha yangu. "Mwalimu mimi mzima. Unga mwingi." Halafu namba yake ikawa haipatikani. Hiyo ndiyo kazi yenu, vijana wangu. Unamfikisha mtu mlangoni, mlango unafungwa, na wewe uko upande huu. Hakuna atakayekuletea majibu. Mimi sijazoea mpaka leo. Hapa Lituhi tuna mashine pia, jirani na soko la samaki, na kila inapowashwa asubuhi nawaza vidole. Dada yangu anadhani sipendi kelele.

Mwaka huu Mwalimu Egno alifariki. Nilipanda Mbinga kumzika. Kaburini walikuja wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye mvi, na waliaga kwa mikono, wakiwa wameinama juu ya shimo ili aone. Nilisimama nao nikaongea naye na mimi. Nilimwambia kwamba lile neno lake la siku ya lori bado linaniuma. Kesho yake badala ya kurudi ziwani nikachukua bodaboda kwenda Mapera.

Nilishukia mbali kidogo na mashine, kwa sababu niliogopa. Nasema kweli, niliogopa nitakachokiona. Nilimwandikia dereva namba yangu ili anifuate jioni, kalamu nikaipachika sikioni, maana tabia haistaafu. Nikaanza kutembea. Mlio wa injini ulikuwepo. Njiani alikuwa anakuja msichana mdogo wa kama darasa la tatu, ndoo ya unga kichwani, kope nyeupe.

"Shikamoo bibi," akasema. Sauti nzuri, masikio mazima.

Nikaitikia. Akanipita, akasimama, akageuka na ndoo yake. Alikuwa anaitazama kalamu. Akaiweka ndoo sawa kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akakutanisha vidole viwili na kuvipeleka nyuma ya sikio lake.

"Bibi, wewe ndiye huyu?"

Nikamuuliza hilo jina amelijulia wapi. Akaniambia mashineni, wote wanalijua, Otilia anamwigiza Mwalimu huyu akiitafuta chaki darasa zima, anawauliza watoto, anafungua kabati, na kumbe anayo sikioni. Akaongeza kwamba padri wa miwani ndiye mzuri zaidi, lakini na mimi si mbaya.

Sikumbuki nilivyofika kibandani. Mzee Longino alikuwa amekaa nje juani, amezeeka, na sasa hajifichi tena, alinisalimu kwa mikono kwa lafudhi mbaya sana. Ndani kulikuwa na foleni. Otilia alikuwa amesimama kando ya injini, suruali ya kubana, kitambaa kichwani, mweupe wa unga kama wote, na mikono ilikuwa juu. Vidole vyote vilikuwepo. Akina mama walikuwa wamemzunguka, mmoja wao mama yake, debe lake liko chini, na alichokuwa anasimulia kilikuwa kimefika mahali patamu, kwa sababu wengine walikuwa wameshaanza kushika mbavu.

Akaniona. Uso wake ukafunguka, akaniita jina langu, mara moja, haraka. Nami nikainua mikono nianze, nilikuwa na mengi, nilikuwa nayo ya miaka.

Otilia akainua kiganja, akakisukuma mbele kidogo, akawageukia wenzake amalizie.

Nikavuta gunia la mtu, nikakaa, nikasubiri baadaye yangu.